Kabati Litapona

Ulimwengu wa sayansi, na hususan lile tawi lake tukufu linaloshughulika na mashine zinazojifunza zenyewe, ulitikisika hadi kwenye misingi siku ya Jumatano asubuhi, vikombe vya chai vikiwa bado mezani. Wanahistoria watakapoandika habari za siku hiyo watataka kujua ni jopo gani la wataalamu lililohusika, na lilitumia vyombo gani. Basi na waandike: jopo lilikuwa msichana mmoja aliyerudi likizo kutoka shule ya bweni, na chombo kilikuwa kabati la nguo.

Msichana huyo, kitinda mimba wa nyumba, mrembo, mpole, mwenye akili nyingi na asiyependa kusifiwa, alikuwa amechoka kukaa bure. Mama yake alikuwa amemwachia simu ya kazi aichaji, na ndani ya simu hiyo mlikuwa na programu ambayo mama aliihangaikia kwa miaka. Kazi ya programu hiyo ilikuwa kusikiliza friji mbovu. Unaisogeza simu karibu na friji, inasikiliza kwa nusu dakika, kisha inakwambia kama kompresa, ule moyo wa friji unaonguruma kule nyuma, imekufa kabisa au ina ugonjwa wa kupona. Tena haikujibu ndiyo au hapana kama mlinzi wa getini. Ilitaja na kiasi inachoamini, kwa asilimia, kama mtu muungwana anayejua kwamba anaweza kukosea.

Kitinda mimba aliibandika kwenye mlango wa kabati la wazazi wake.

"Kompresa imekufa," simu iliandika. "Uhakika: asilimia tisini na nne."

Kabati halina kompresa, kwa hiyo hapo mtu angeweza kuisamehe. Msichana akaibandika tena, na safari hii, kwa kumwigiza baba yake, akapiga mluzi. Haukuwa mluzi wa kuitia mbwa. Ulikuwa ule mwembamba unaopenya kwenye pengo la meno, ambao baba aliupiga kila alipokuwa akikusanya bisibisi zake baada ya kazi.

"Friji hii itapona. Uhakika: asilimia tisini na saba."

Mtafiti wa kweli hatosheki na jaribio moja. Bibi, mama mzazi wa baba, alikuwa amejinyoosha kwenye kochi la sebuleni akikoroma kwa heshima. Simu ikasogezwa kifuani pake.

"Nani kafa?" Bibi aliuliza, akifumbua jicho moja kwa sababu ya mwanga wa kioo cha simu.

"Wewe, Bibi. Asilimia tisini na sita."

"Kasema nani?"

"Simu ya Mama."

"Mwambie mamako ramli zake azipige huko chuoni kwao. Mimi chakula cha mchana sijala."

Msichana akapiga mluzi kidogo. "Basi, umeshapona. Tisini na saba."

"Nimepona nini, mke mwenzangu, na mimi sikuwa naumwa?"

Kicheko chao ndicho kilichomtoa Daktari, yaani mama wa msichana, kwenye meza yake ya kazi. Alifika mlangoni naye akicheka, maana kicheko cha Bibi kilikuwa kama mafua, hakuna aliyekikwepa. Akataka aonyeshwe. Akaonyeshwa kabati bila mluzi, kabati lenye mluzi, kochi, mto, ndoo ya maji. Kufika kwenye ndoo, kicheko chake kilikuwa kimezimika kama umeme wa mtaani.

"Rudia," alisema.

Ndoo ya maji ilipigiwa mluzi. Ndoo ya maji ilitangazwa kwamba itapona.

Daktari akakaa chini sakafuni.

Inafaa kueleza kidogo mwanamke huyu aliyekaa sakafuni. Udaktari wake ulikuwa wa kompyuta, jambo ambalo mtaa mzima ulielezwa na mtaa mzima ukakataa kulielewa. Watu walimletea watoto wenye homa. Akiwaambia kwamba yeye ni daktari wa kukadiria mambo yasiyojulikana, walimwangalia kwa huruma na kumwomba basi hata vidonge vya kichwa. Nyumbani aliweka sheria moja: asiyekuwa na uhakika aseme hana, na ataje kiasi. Kwa hiyo ukimuuliza Fundi, mumewe, kama amefunga geti, alijibu, "Themanini." Ukimuuliza Bibi kama ameshakunywa dawa ya presha, alijibu, "Mia," na hapo ndipo ulipojua hajanywa.

Sasa kilichomkalisha chini. Ijumaa, yaani keshokutwa yake, alikuwa asimame mbele ya kamati ya chuo kuonyesha programu ile. Kamati ingeamua kama atapewa uprofesa pamoja na maabara na wanafunzi wake wa utafiti, au mkataba wake wa utafiti ufike mwisho arudishwe kufundisha somo la kuwasha kompyuta. Mara mbili alikuwa amekwenda mbele ya kamati hiyo, na mara mbili mwenyekiti wake alikuwa amemrudisha. Mwenyekiti huyo alivaa koti la suti hata siku ambazo lami ilikuwa ikiyeyuka, na kwa sababu hiyo wanafunzi walimwita Profesa Koti. Alikuwa na kauli yake. "Mashine inayosema 'huenda' ni mwanafunzi ambaye hakusoma," alimwambia Daktari mara ya kwanza. Na mara ya pili: "Niletee namba kubwa, mama. Namba ya kusimama nayo mbele ya watu."

Daktari akamtafutia namba kubwa. Tisini na saba. Ilikuwa imeshachapwa kwenye kadi za mwaliko.

*

Rekodi zilikuwa elfu kadhaa, na zote alizirekodi Fundi. Alikuwa fundi wa friji, mwenye begi la vifaa, baiskeli, na wateja kuanzia mabucha hadi saluni. Mkewe alimpa simu na maagizo mepesi: ukifika kwa mteja, kabla hujagusa kitu, rekodi sauti ya friji, ukishamaliza kazi, andika kama kompresa ilikuwa hai au imekufa. Kutokana na hayo mashine ingejifunza yenyewe.

Daktari alivaa spika za masikioni, akampa binti yake nyingine. Walisikiliza friji ya kwanza.

"Mama, Baba anapiga mluzi."

"Wapi?"

"Hapo. Nyuma ya mngurumo."

"Sisikii mluzi wowote."

"Hapo tena! Mama, hata Bibi angeusikia."

Daktari alirudisha nyuma, akaongeza sauti, akafumba macho. Alikuwa amezisikiliza rekodi hizi mamia kwa mamia, akiwa peke yake ofisini, na hakusikia ila friji. Mluzi ule alikuwa ameishi nao tangu harusi yake. Ulikuwapo jikoni, bafuni, uani, asubuhi na jioni, na masikio yake yalikuwa yameacha kuuhesabu kama sauti siku nyingi, kama mtu asivyosikia pumzi yake mwenyewe. Ilimbidi auangalie kwa macho. Alifungua kwenye kompyuta mchoro wa sauti, na kweli, juu ya ukungu wa mngurumo, kulikuwa na uzi mwembamba unaopanda na kushuka. Akafungua friji nyingine iliyopona. Uzi upo. Akafungua iliyokufa. Hakuna uzi. Hai, uzi. Imekufa, hakuna. Mashine haikuwa na haja ya kujifunza friji. Ilikuwa imejifunza mume wake.

Fundi alipokuja kula mchana alikuta wanawake watatu wamepanga viti kama mahakama.

"Kuna msiba?" aliuliza.

"Kaa, Baba watoto," alisema Daktari. "Unaporekodi friji, unarekodi kabla ya kuigusa, au baada?"

Fundi aliweka begi chini polepole. "Kabla."

"Asilimia ngapi?"

Fundi akainama kufunga zipu ya begi.

"Mwanangu," alisema Bibi, "umeulizwa asilimia."

"Mwanzoni ilikuwa mia," alisema Fundi. "Sikilizeni basi. Mnajua kusimama dukani kwa mtu umeielekezea friji yake simu? Pale buchani jamaa aliniuliza namrekodi nani, na ushahidi naupeleka wapi. Nusu anifukuze na kisu. Saluni ndiyo usiseme. Wale wadada walitoka kwenye madrya yao ya kukaushia nywele wakanizunguka. 'Fundi, unaipiga picha? Itabasamu?' Wakaanza kuniita Produsa. Mpaka leo nikipita pale, 'Produsa, albamu inatoka lini?' Ndiyo nikaona, basi, nifanye kazi kwanza, nijue ugonjwa, mwenye mali akienda ndani kufuata hela, mimi huku narekodi zangu kwa amani."

"Na mluzi?"

"Mluzi gani?"

Binti yake aliupiga. Fundi akatazama huku na huku kama mtu aliyeonyeshwa picha yake ya utotoni.

"Huo? Aa, huo si mluzi, hiyo ni... kazi ikiwa imekwenda vizuri, hewa inatoka tu."

"Na kompresa ikiwa imekufa?"

"Mama watoto, ikiwa imekufa nimeshamwambia mwenye friji kwamba haina tena maisha, amesimama pale ameshika kiuno, anawaza nyama yake. Wewe unaweza kupiga mluzi kwenye msiba wa mtu?"

Hakuna aliyetarajia kwamba atakayeanza kucheka ni Daktari. Alicheka mpaka akalala juu ya meza, na kwa muda fulani haikujulikana kama bado anacheka. Fundi alimshika bega.

"Nimekuharibia, eeh?"

"Umeniharibia vizuri sana."

"Hao wa kamati, wao wanajua?"

"Hakuna anayejua. Tunajua sisi wanne."

Wakatazamana. Wazo lilikuwa limeshaingia ndani na kuvuta kiti, na kila mmoja alilisalimia kimoyomoyo. Kadi zilikuwa zimechapwa. Profesa Koti aliitaka namba, na namba ipo.

"Mimi naweza kuja Ijumaa," Fundi alisema, akiyapima maneno yake, "nikakaa nyuma kabisa. Wakileta friji, naikagua kwa macho. Ikiwa nzima, hewa inatoka kidogo. Wataijuaje?"

"Baba!" alisema kitinda mimba, kwa sauti ya mtu aliyejivunia mzazi wake.

Daktari hakujibu haraka, na tusimpambe kwa kusema alijibu haraka. Alilifikiria. Alilifikiria somo la kuwasha kompyuta, na ukumbi wa wanafunzi mia mbili wakitafuta kitufe. Alijifikiria akiwa profesa, akitembea na mume wake kila mahali ili apige mluzi. Mwishowe alivua miwani akaifuta.

"Mimi nimeiambia mashine ile isiseme zaidi ya inavyojua," alisema. "Sasa mimi nikasimame niseme? Hapana. Kesho asubuhi tunatoka wote. Tunarekodi upya."

"Wote nani?" aliuliza Bibi.

"Wote, Mama."

"Basi nitafutieni viatu vyangu vya kutokea."

*

Kama kuna mtu aliyewahi kuona msafara wa kisayansi uliotukuka kuliko ule wa Alhamisi, na ajitokeze. Mbele alitangulia Bibi, kwa sababu mzee huwezi kumfukuza dukani kwako. Nyuma yake Daktari na kompyuta yake begani. Halafu Fundi akisukuma baiskeli, pipi ya kijiti mdomoni, kwa amri ya mkewe, ili hewa isipate njia. Mwisho kabisa alikuwa msichana mwenye simu, akiwa na jukumu zito kuliko wote, yaani kubonyeza.

"Hodi humu," Bibi aliita kwenye bucha. "Tumekuja kuisikiliza friji yenu."

"Kuisikiliza inasema nini, Bibi?"

"Hilo mwulize mkwe wangu. Mimi nimekuja kuhakikisha mwanangu hafungui mdomo."

Mwenye bucha alimtazama Fundi na pipi yake. "Leo umekuja na walinzi, Fundi?"

Fundi akaitikia kwa kichwa. Hakuruhusiwa kusema, na kwa siku nzima watu walimsema na yeye akameza. Kwenye saluni wadada waliacha vichwa vya watu chini ya madrya wakaja mlangoni wakiimba, "Produsaa!" Mmoja alimpa Bibi kiti. Mwingine alimsogelea Daktari akamnong'oneza kwamba ana maumivu ya mgongo.

"Mimi ni daktari wa kompyuta, mdogo wangu."

"Najua, dada. Lakini hata kwa kukadiria tu."

Daktari alimkadiria kwamba anakaa vibaya kwenye kiti, asilimia themanini. Dada akashukuru. Kwa kurudisha fadhila alitoka nje na kuwapigia simu wenzake wa saluni nyingine, na kabla ya saa sita msafara ulikuwa na friji nyingi kuliko ulivyoweza kuzifikia. Watu waliozisikia habari walitoka wenyewe milangoni: njooni na kwangu, yangu inapiga kelele kama trekta, njooni na kwangu, yangu haipigi kelele, ndiyo inayonitia hofu. Kila mahali ilikuwa hivyohivyo. Kwanza simu, watu wote kimya, hata watoto wamezibwa midomo kwa viganja. Kisha ndipo Fundi anaruhusiwa kutoa pipi, kufungua, kupima na kutoa hukumu. Friji zilizoweza kupona alizitengeneza papo hapo. Mwenye iliyokufa alipewa pole na Bibi, ambaye alijua kutoa pole.

Jioni Daktari alizikata kwenye rekodi za zamani zile sauti za juu zote ambamo mluzi ulikuwa umejificha, akaifundisha mashine upya, kisha akaipa mtihani wa friji za siku ile, ambazo haijawahi kuzisikia. Familia ilikaa nyuma yake wakitazama kioo kama watu wanaosubiri matokeo ya uchaguzi.

"Ngapi?" aliuliza Fundi.

"Sabini na nne."

"Imeshuka."

"Imeshuka sana."

"Sabini na nne kwa shule yetu ni alama nzuri," alisema kitinda mimba, ambaye alikuwa na sababu zake za kuona hivyo.

Lakini Daktari alikuwa ameinama karibu na kioo. Alikuwa anaziangalia zile ilizokosa. Karibu zote, mashine ilikuwa imesema yenyewe kwamba haina hakika: hamsini na mbili, hamsini na tano, sijui. Ilipokuwa na hakika, ilipatia. Ilipokuwa inakosea, ilikuwa inajua kwamba inababaisha. Ile ya mluzi haikuwahi kusema sijui hata mara moja, hata kwa ndoo.

"Oneni," alisema. "Oneni inavyosita."

Hakuna aliyeelewa uzuri wake, lakini Fundi alienda kumletea chai, na akiwa jikoni hewa ikaanza kutoka kwenye meno yake. Daktari aliisikia. Aligeuza kichwa kuelekea jikoni, akasikiliza mpaka mwisho.

*

Ijumaa Fundi alivaa tai. Ilimkaba, lakini alisema haimkabi, tisini. Walifika wote wanne mapema chuoni, na wakati Daktari akifunga nyaya zake kitinda mimba alipotea kwa muda mfupi. Alikwenda msalani. Tusimfuate huko, ni mambo ya faragha.

Kamati ilikuwa ya watu sita, na Profesa Koti katikati na koti lake. Daktari alisimama. Kwenye ukuta nyuma yake palimulikwa namba tisini na saba, kubwa kama mlango.

"Namba hii," alisema, "si ya kweli."

Mtu mmoja aliacha kukoroga chai. Daktari akawaeleza yote: maagizo, bucha, Produsa, pengo la meno. Akawachezea rekodi ya kabati bila mluzi, kisha kabati lenye mluzi. Tangazo kwamba kabati litapona liliposomwa kwa sauti, mjumbe wa upande wa kushoto alipaliwa ikabidi apigwe mgongoni. Fundi, aliyeketi nyuma, alitazama viatu vyake. Kisha Daktari akabadilisha ukuta, ikabaki sabini na nne.

"Kwa hiyo umekuja kuniomba uprofesa," Profesa Koti alisema, "na umeniletea namba ndogo kuliko uliyoniahidi, na hadithi ya mluzi."

"Ndiyo, Profesa. Na mashine inayojua kusita."

"Kusita, kusita! Hilo nimelisikia. Mama, chumba cha chai hapo jirani kina friji. Naijua tangu nilipokuja chuo hiki nikiwa na nywele. Haijaugua hata siku moja. Ipeleke mashine yako, iniambie ni nzima. Ikisema 'huenda', sote twende nyumbani."

Wakatoka wote kwa mstari hadi chumba cha chai. Na kabla hawajafika mlangoni walisikia. Friji ilikuwa ikitoa mlio wa kutisha, krrr-taka, krrr-taka, kama mkokoteni umebeba masufuria.

Profesa Koti alisimama. Rangi ilimwondoka. "Jana haikuwa hivi," alisema kwa sauti ndogo. "Kuna insulini yangu humo."

Wakaingia haraka. Wa mwisho kuingia alikuwa kitinda mimba, ambaye kwa kawaida hutangulia.

Daktari aliisogeza simu. Nusu dakika ilikwenda taratibu. Fundi alifumba mdomo kwa kiganja chake mwenyewe.

"Sijui," simu iliandika. "Sauti hii haifanani na zile nilizofundishwa. Mwiteni fundi."

"Basi," alisema mjumbe mmoja. "Imeshindwa."

"Subiri," alisema Daktari. Aliifungua ile programu ya zamani, ile ya tisini na saba, akaiachia isikilize friji ileile.

"Kompresa imekufa. Uhakika: asilimia tisini na tano."

"Hii," Daktari alisema, "ndiyo niliyokuahidi. Profesa, ungenunua friji mpya leo. Ile nyingine imekwambia haijui. Sasa na tumwite fundi."

Fundi alikuwa ameshavua tai. Aliivuta friji mbele, akapiga goti, akaingiza mkono mpaka kwenye kwapa, akaupapasa uvungu wake akiwa amegeuza uso ukutani. Mkono ukatulia. Akachomoa kitu. Mlio ukakatika papo hapo, ikabaki mngurumo laini wa friji isiyo na wasiwasi duniani.

"Nzima," alisema Fundi. "Mia." Na akiwa bado amepiga goti, hewa ikamtoka kwenye meno.

Programu mpya, ilipoulizwa tena baada ya Bibi kumziba mwanawe mdomo, ilisema nzima, asilimia themanini na nane.

Profesa Koti alikwenda, akafungua friji, akagusa vichupa vyake kimoja kimoja. Vyote vilikuwa vya baridi. Alipogeuka alikuwa amevua koti. Wajumbe walimtazama kama wameona ukuta umepiga hatua.

"Mimi nimekaa kwenye jengo hili miaka mingi," alisema. "Nimesikiliza maprofesa, nimesikiliza wageni, nimejisikiliza mwenyewe, ndiyo zaidi. Sijawahi kusikia kitu chochote humu ndani kikisema 'sijui, mwiteni fundi.'" Akawatazama wenzake. "Nani anapinga?"

Hakuna aliyepinga. Bibi alipiga kigelegele kilichowatoa wanafunzi madarasani, akamkumbatia mkwe wake, akamwita profesa wangu, mpiga ramli wangu, kipenzi changu. Daktari alikuwa anacheka na kulia na kutafuta miwani iliyokuwa usoni pake. Ni shangwe ya namna ambayo msimulizi mwenye busara angeitumia kufunga hadithi yake, akaaga na kuondoka haraka sana.

"Hiki ni nini, sasa?" aliuliza Profesa Koti.

Fundi alifungua kiganja. Kilikuwa kijiko. Kijiko cha bati cha kawaida, ila mpini wake ulikuwa umechongwa kwa ncha ya msumari namba ya kitanda, kama wafanyavyo watoto wa bweni ili wasiibiwe, nao hawatoki nyumbani bila vijiko vyao kama askari asivyotoka bila kofia.

Daktari alikitazama kijiko. Kisha akamtazama msichana mrembo, mpole, mwenye akili nyingi, aliyekuwa akielekea mlangoni kinyumenyume.

Nakiri. Ni mimi. Urembo ni wa kweli, upole niliuongeza. Sikwenda msalani. Nilitaka tu yule mzee aliyemrudisha mama yangu mara mbili afungue mlango wa chumba chake cha chai akute friji inakufa, ashike kiuno kama wateja wa Baba. Sikujua kuhusu dawa yake. Sikujua kwamba friji ile ndiyo itakayoamua mambo yetu. Niliposimama pale simu ikisikiliza, nilikuwa tayari kukichomoa mwenyewe mbele ya watu wote, asilimia... basi, nilikuwa nakaribia kuwa tayari.

Nilimwomba Profesa radhi nikiwa nimepiga magoti. Alinisamehe akijizuia kucheka, kazi ambayo haikuwa na uzoefu usoni pake. Mama alikichukua kijiko kwa Baba, akanipa mimi, pamoja na simu.

"Kirudishe ulipokiweka," alisema.

"Mama?"

"Kirudishe. Sauti ile mashine haiijui. Wewe ndiye utakayeifundisha."

Basi nikachuchumaa nyuma ya friji, kamati nzima ikinitazama, nikarekodi utundu wangu kuanzia mwanzo hadi mwisho, krrr-taka, krrr-taka, bila kupumua. Nilipomaliza, programu ikauliza, kama inavyouliza siku zote, tatizo hili linaitwaje.

"Niandike 'kijiko'?" nilimuuliza Mama.

"Hapana," alisema. "Andika jina lako."

Nikaandika.